Viti vya Nje vya Kwa Vonza: Tunakalia Historia ya Nani?

Kuna sifa moja ya viti vya mbao inayonikera siku hizi: eti kiti kimetengenezwa kwa mkono "kwa kufuata muundo wa kihistoria." Utaikuta Instagram, utaikuta kwenye kibao cha rangi kando ya Barabara ya Ngong, na sasa imefika hadi Kwa Vonza. Mimi sina shida na mkono, wala sina shida na historia. Shida yangu ni kwamba hakuna anayemaliza sentensi. Historia ya nani? Nani alikalia kiti cha kwanza cha aina hiyo, na nani alikuwa amesimama kando akingoja kuitwa alete chai?

Kwa msomaji wa Nairobi ambaye Ukambani yake inaishia Machakos People's Park: ukitoka Machakos mjini unafuata barabara ya Kitui, unapita Masii, unapita Wamunyu, unavuka mto Athi, na kabla hujafika Kitui mjini unakutana na Kwa Vonza. Zamani jina kubwa hapa lilikuwa la chuo cha kilimo, Ukamba Agricultural Institute, UKAI kwa kifupi. Mwaka 2008 kikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili, SEKU. Wanafunzi wakaja, hosteli zikaota kama uyoga. Na palipo na hosteli pana fundi: kwanza wa vitanda, kisha wa meza za kusomea, kisha, mifuko ilipotulia na vibanda vya nyama choma vikaanza kujiita bustani, fundi wa viti vya nje.

Hivyo viti ndivyo ninavyovihakiki hapa. Najua hatuna mazoea ya kuhakiki viti nchini. Tunahakiki riwaya, albamu, hata chapati za mtaani. Lakini mwili wako unakaa kitini saa nyingi kuliko macho yako yanavyokaa kwenye riwaya, kwa hivyo nivumilie.

Kipimo changu ni cha kishamba kidogo. Muuzaji atakuambia ukae usikie raha. Mimi nasema kaa, halafu inuka. Kukaa ni rahisi, hata kwenye ndoo utakaa. Kuinuka ndiko kunakokuonyesha kiti kilimfikiria nani kilipokuwa kikichorwa.

Tuanze na kile kinachouzika sana. Unakijua hata kama hujui jina lake: kiti cha mbao kilicholala nyuma, mgongo wa vipande vya mbao vilivyotanuka kama vidole, mikono mipana ya kuwekea soda na simu. Wenyewe wanakiita Adirondack, kwa jina la milima ya jimbo la New York, Marekani. Kilianza mwaka 1903 katika kijiji cha Westport, kando ya Ziwa Champlain. Bwana mmoja, Thomas Lee, alikuwa anatafuta kiti cha nje kwa nyumba yake ya likizo, akawa anapigilia mbao na kuwakalisha watu wa familia yake mmoja mmoja hadi wakakubaliana. Alikuwa na rafiki fundi, Harry Bunnell, aliyekuwa na uhaba wa kazi wakati wa baridi. Lee akampa muundo ule. Bunnell akaenda akausajili kwa jina lake mwenyewe, hataza ikatoka mwaka 1905, na akaviuza viti hivyo kwa miaka mingi. Kwa hivyo hata hiyo historia tunayoinunua ina mtu aliyefanyiwa ile kitu. Kile cha Lee chenyewe kilikuwa cha mbao pana; huo mgongo wa vidole ulikuja baadaye, kwa mkono wa watu wengine.

Sasa kiweke Kwa Vonza saa saba mchana. Kiti hiki kinakuelekeza juu, na kule juu kuna nini? Jua. Magoti yanapanda, kiuno kinazama. Sahani ya muthokoi haina pa kukaa isipokuwa kifuani. Ukitaka kuongea na mwenzako lazima uinue shingo kama kobe, kwa sababu kila mtu kwenye kiti hiki anaongea na mawingu. Wanafunzi wanakipenda, na naelewa sababu: kinapiga picha vizuri. Miguu mbele, miwani, soda kwenye mkono wa kiti, tayari umepost. Lakini nimewahi kumwona mzee mmoja akikaribishwa kwa heshima kwenye kiti hicho, katika sherehe ya kuhitimu ya binti yake, na ilipofika zamu yake ya kusalimia wageni ilibidi vijana wawili wamvute mikono. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kwa kipimo changu kiti hiki kimeanguka, na kimeanguka mbele ya umati.

Benchi linafuata. Hili ni refu, mgongo wake umepinda kama mawimbi, mikono yake imejikunja mwishoni. Nakala zake zimejaa kwenye bustani za mahoteli ya Nairobi, na fundi mmoja Kwa Vonza analitengeneza kwa kufuata picha ya simu. Picha hiyo, bila yeye kujua, ni ya benchi la Edwin Lutyens, msanifu wa Kiingereza aliyelibuni mwanzoni mwa karne ya 20 kwa nyumba iitwayo Little Thakeham, kusini mwa Uingereza. Lutyens ndiye yule yule wa New Delhi, mji wa serikali ya kikoloni kule India, na mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Herbert Baker, ambaye mkono wake uko mpaka hapa kwetu: Ikulu ya Nairobi ni kazi yake, na majengo ya Nairobi School pia. Kwa hivyo benchi hili lina ukoo. Ni binamu wa majengo ambayo babu zetu walipita mbele yake wakiwa na kipande shingoni.

Hiyo siyo sababu ya kulichoma. Ni benchi zuri. Unapolitazama kutoka mwisho wa njia ya maua linatulia pale kama nukta. Na nadhani ndilo tatizo: limeundwa kutazamwa kutoka mbali, na mtu mwenye bustani yenye umbali. Kiwanja cha Kwa Vonza cha futi hamsini kwa mia hakina umbali huo. Ukilitia mle linaonekana kama kochi lililotupwa nje baada ya kodi kuchelewa.

Halafu kuna ufundi. La Uingereza linashikana kwa tundu na ulimi, mbao inaingia ndani ya mbao, na mbao yenyewe ni msaji. La kwetu limeshikwa kwa misumari, vichwa vyake vikafukiwa kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, kisha vanishi juu. Jua la miezi mitatu linabambua vanishi. Mvua ya Novemba ikija, na hapa mvua ya mwisho wa mwaka ndiyo watu wanayoitegemea, maji yanaingia kwenye matundu ya misumari na chini ya miguu, pale ambapo mbao imekatwa na kuachwa wazi kama jeraha. Mchwa hawahitaji mwaliko. Simlaumu fundi. Mteja anataka mawimbi ya mgongo, hataki kulipia tundu na ulimi, kwa sababu tundu na ulimi havionekani kwenye picha. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, lakini wahenga hawakuwa wanauza kwa WhatsApp.

Kwa kifupi tu, maana kinastahili makala yake: kuna kiti kingine mahotelini, cha fremu ya mbao na turubai au ngozi, kinachokunjwa, kinachoitwa kiti cha safari. Neno ni letu. Muundo ulianza na wanajeshi wa Uingereza huko India, ukabebwa na wawindaji hadi huku, kisha mwaka 1933 Mdenmarki Kaare Klint akaunyoosha na kuuita Safari. Leo tunaununua kwa jina letu wenyewe, kwa bei ya wenyewe.

Mpaka hapo unaweza kudhani naelekea kusema turudi kwenye kiti cha mababu. Subiri kidogo.

Kiti cha mababu kipo, na mtu asikudanganye kwamba Ukambani hapakuwa na muundo. Kigoda cha Kikamba, kivila, ni kitu cha akili sana. Kinachongwa kwa tezo kutoka gogo moja: kikalio cha duara kilichobonyea kidogo katikati, na miguu, mara nyingi mitatu, inayotoka chini yake bila kiungo hata kimoja. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna pa maji kuingilia. Miguu mitatu nayo si pambo. Ardhi ya huku ni mawe na mashimo. Kiti cha miguu minne kikiwekwa juu yake kitachezacheza mpaka utafute kijiwe cha kukikingia. Miguu mitatu haichezi kamwe, popote utakapoiweka itapata mahali pa kusimama. Juu ya kikalio, kwenye vigoda vya heshima, fundi alipigilia waya nyembamba za shaba na chuma ndani ya mbao, zikafanya miduara na mistari inayong'aa kadiri nguo za mwenyewe zinavyozisugua. Yaani pambo la kiti hiki linang'arishwa na makalio. Sijawahi kuona wazo zuri la fenicha kuliko hilo.

Mahali pake palikuwa thome, ule uwanja wa nje ya boma ambapo wazee waliwasha moto na kukaa jioni, wakaamua mambo ya mashamba, mahari na mifugo. Ukitaka kuitafuta bustani yetu ya kale yenye viti, ndiyo hiyo. Lakini angalia tofauti moja ambayo wauza viti vya nje hawaioni. Kivila hakikulala nje. Kilitoka na mwenyewe, kikarudi na mwenyewe. Mzee alikwenda nacho kwenye nzama, baraza la wazee, amekishika mkononi kama unavyoshika simu. Ndiyo maana hakikuhitaji vanishi. Kiti kinachoachwa nje mchana na usiku, kinyeshewe, ni wazo la mtu mwenye ukuta, geti na mlinzi.

Na sasa lile la kusubiri. Mwenyewe alikuwa nani?

Kwa Kikamba, mzee wa nzama anaitwa mutumia. Vuka uende kwa jirani zetu Wakikuyu, neno hilo hilo, mutumia, ni mwanamke aliyeolewa. Nimecheka na utani huo miaka mingi, kwa sababu ukitaka kujua nani alikalia kivila na nani hakukikalia, lugha mbili zinakuchorea mstari. Kivila kilikuwa cha mutumia wa upande huu. Susu yangu, mama yake baba, aliishi na kivila cha babu nyumbani zaidi ya miaka arobaini. Alikifuta vumbi, alikiondoa mvua ilipoanza, alikipeleka thome wageni walipofika. Hakukikalia siku hata moja. Hakukatazwa kwa maneno, anasema. Ilikuwa tu haiingii akilini.

Babu alipofariki kivila kilibaki juu ya dari ya jikoni, kikapakwa moshi. Baadaye akaja mnunuzi mmoja wa vitu vya kale, mwenye Probox na maneno matamu, akakichukua kwa bei ya mbuzi wa kawaida. Mimi nilikuwa shule. Niliporudi nilitoa machozi ya hasira, nikatoa na hotuba. Susu akanitazama akaniambia, "Mimi sikuwahi kukikalia, nitakililiaje?"

Nimebeba jibu hilo kila mahali. Kila nikisoma mtu akiandika kwamba tufufue urithi, nalisikia. Vigoda kama kile viko katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani, ndani ya kioo, na kadi ndogo inayosema Kamba, Kenya, karne fulani, mchongaji hajulikani. Kwa wengi wetu ndio uchungu: hajulikani. Kwa susu uchungu ni wa kabla ya kioo. Kwake makumbusho hayakubadilisha chochote. Hata zamani alikuwa anakitazama tu.

Kwa hivyo mtu anaposema kiti chake kimefuata muundo wa kihistoria wa Waakamba, mimi swali langu linabaki pale pale lilipokuwa kwa Lutyens.

Lakini tusimwachie mzee wa thome lawama zote, maana biashara nayo ilikifanyia kivila chake. Kilomita chache kutoka Kwa Vonza, ng'ambo ya Athi, ndiko Wamunyu, chimbuko la uchongaji wa Kikamba wa kuuza. Inasimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, mtu wa huko, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji aliowakuta huko, akarudi nyumbani na ujuzi mpya. Kutoka kwake ukaenea kwa ndugu, kwa majirani, hadi Nairobi na Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji Waakamba kilianzishwa Changamwe mwaka 1963. Twiga, simba, Mmasai na mkuki wake: nusu ya kile watalii wanakiita Afrika kimetoka kwenye tezo za watu wa barabara hii. Vigoda pia vilichongwa, lakini vilipungua ukubwa ili viingie kwenye sanduku la ndege. Waya zikaachwa. Kikalio kikachongwa tembo. Sasa ukikikalia tembo anakuchoma.

Na miti ikaisha. Muhugu, ambao wachongaji waliupenda kwa sababu ni mgumu na una mafuta na harufu yake, ulikatwa mpaka ukawa wa kutafutwa kwa tochi. Mpingo hata usiseme. Ndiyo maana ukienda Mombasa leo utakuta twiga wa mwarobaini, wa jakaranda, wa mwembe. Kwa upande wa Kitui hesabu ya miti ina chumvi zaidi. Januari 2018 serikali ya kaunti chini ya gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku biashara ya makaa, lori moja likateketezwa, kukawa na vurugu hadi Limuru. Mwezi uliofuata serikali kuu nayo ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini kote, zuio ambalo Rais Ruto alitangaza kuliondoa Julai 2023. Katika miaka hiyo mitano fundi mdogo wa kando ya barabara alikuwa ananunua mbao kwa bei iliyomfanya atumie misumari zaidi na mbao kidogo. Ukiona benchi lenye miguu myembamba kuliko inavyostahili, jua unaangalia sera ya misitu.

Mti ninaoutaka mimi kwenye hadithi hii ni mukau. Wataalamu wanauita Melia volkensii. Ni mti wa nchi kame, wa kwetu kabisa, mbao zake zina rangi ya mahogani, na mchwa hawazipendi. Mizinga ya nyuki ya Ukambani imechongwa kwa mukau tangu zamani, na mzinga ni kitu kinachokaa nje jua na mvua miaka nenda miaka rudi. Hapo ndipo fundi anapaswa kujifunza mbao ya nje, kwenye mzinga, kabla hajafungua Pinterest. Shida ya mukau ni mbegu: imefungiwa ndani ya kokwa ngumu kama jiwe, ukiipanda hivi hivi utasubiri mpaka uzeeke. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ikisaidiana na Wajapani wa JICA, imeshughulika na miti ya ukame huko Kitui tangu miaka ya 1980, na sasa kuna mashamba ya mbegu bora za mukau Kitui na Kibwezi. Ukitunzwa vizuri unavunwa baada ya miaka kumi na kitu. Mwanafunzi anayeanza SEKU leo akipanda, atakuwa na watoto wa shule ya msingi utakapokuwa tayari kuwa kiti. Si muda mrefu kwa kitu cha kukalia maisha yote.

Kuna kiti kimoja cha mukau Kwa Vonza ambacho ndicho kilinifanya niandike haya. Fundi wake ni kijana, hana kibao cha jina, yuko nyuma ya safu ya hosteli mahali ambapo boda wanaosha pikipiki. Ameunda benchi la watu wawili kwa kufuata kivila. Si kuiga picha, amefikiri. Kikalio ni ubao mmoja mzito wenye mabonyeo mawili, moja kwa kila mtu, na kila bonyeo lina tundu dogo katikati la kupitisha maji ya mvua. Katikati ya mabonyeo amepigilia waya. Si shaba, shaba ni pesa. Ni waya za alumini za nyaya za umeme zilizochakaa. Amezizungusha kuwa miduara miwili iliyogusana. Miguu imeingia kwenye ubao kwa tundu na ulimi, ikatokeza juu na kukazwa kwa kabari, hivyo ukikaa unaona vichwa vyake vitatu kama vifungo vya shati.

Naam, vitatu. Benchi la watu wawili lina miguu mitatu: miwili upande mmoja, mmoja upande wa pili. Alitaka lisicheze juu ya mawe, kama kivila, na kweli halichezi. Lakini kigoda cha mtu mmoja kina uzito wako katikati. Benchi lina ncha. Ukikaa upande wa mguu mmoja, ukasogea ukingoni kidogo tu, benchi linainama kukutupa. Mwenzako akiinuka bila kukuambia, umekwenda. Nimelijaribu mara tatu. Mara mbili nilishika hewa.

Kama kazi ya ufundi, ni kasoro, na sitaipamba. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kukaa kwenye kitu cha kubahatisha. Vilevile ni kizito mno. Roho ya kivila ni kubebeka, na hili linahitaji watu wawili na nia njema. Waya za alumini zimejitokeza pembeni na zitashika nguo ya mtu kabla mwaka haujaisha. Bado naliweka juu ya mengine yote niliyoyakalia barabara hii, kwa sababu mbili. Kwanza, ukiinuka linakusaidia: urefu wake unafika chini kidogo ya goti, hakuna mgongo wa kukuvuta nyuma, unaegemeza kiganja kwenye ubao na umesimama. Pili, yale mabonyeo mawili yanalingana. Nilipima kwa kamba ya kiatu, nikidhani labda moja ni la bwana na lingine la bibi. Yako sawa. Kijana huyu amechukua kiti cha mtu mmoja mwenye cheo akakigawa katikati, na alipoulizwa sababu akasema tu mbao ilikuwa ndefu.

Nikamweleza habari za baraza za Lamu na Unguja, vile viti vya mawe vilivyojengwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, ambapo mpita njia anakaa bila kuomba ruhusa ingawa ukuta si wake. Nikamweleza Jeevanjee Gardens, bustani ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, na jinsi mwaka 1991 ilivyotaka kuliwa na wajenzi, mjukuu wake Zarina Patel na wenzake wakasimama imara. Mpaka leo watu wa Bunge la Mwananchi wanabishana pale kwenye mabenchi yasiyo na uzuri wowote, hakuna anayeulizwa umenunua nini. Nilikuwa najaribu kumwambia benchi lake lingestahili mahali kama hapo, mathalani stejini Kwa Vonza, chini ya mti, ambapo sasa anayesubiri matatu ya Machakos anasimama au ananunua chai asiyoitaka ili apate pa kukaa. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza nani atalilipia.

Sikuwa na jibu. Kuna mtu wa Nairobi mwenye nyumba za wageni amemwagiza viti sita vya kulala nyuma, vile vya Marekani, na amelipa nusu mapema. Vitatu vimeshakamilika, vimeegemezwa ukutani. Benchi la mukau halijaulizwa bei na mtu yeyote zaidi yangu. Anataka elfu saba na nusu, na ukizingatia ubao ule peke yake, anajipunja.

Amesema atatoboa tundu la mguu wa nne wiki ijayo ili aliuze upesi. Nimemwomba angoje hadi Jumamosi. Ninamleta susu alijaribu, yeye upande wa miguu miwili, mimi upande wa mmoja.